Serikali ni Wasii, Si Mrithi

Kila mtu huzaliwa akiwa mrithi. Hata mtoto wa maskini, ambaye baba yake hakuacha shamba wala nyumba wala mbuzi, hurithi lugha aliyobembelezwa kwayo, jina aliloitwa kwalo, nyimbo, ngano, mapishi, adabu ya kuwaamkia wakubwa na desturi ya kuwazika waliotangulia. Urithi wa namna hii hauwezi kuandikwa wote katika hati wala kupimwa kwa mizani. Walakini ukipotea hauwezi kununuliwa sokoni. Mali ikiibwa huweza kutafutwa ikapatikana. Wimbo ukifa pamoja na bibi wa mwisho aliyeujua, hakuna askari awezaye kuufuata ulikokwenda.

Haya ni rahisi kukubaliwa. Lililo gumu ni swali hili, nami nakuomba, msomaji, tulifikiri pamoja. Watu wa asili nyingi wakikaa mahali pamoja chini ya serikali moja, serikali hiyo ina wajibu gani kwa urithi wa kila mmoja wao? Iuache ulivyo? Iuchanganye uwe mmoja? Iugawe mafungu kwa mafungu? Au iko njia ya nne? Nitajaribu kulijibu hali nimeuelekeza uso wangu mahali pamoja padogo, kwa sababu wazo lisiloweza kusimama juu ya ardhi, mahali ambapo watu hupika, huuza, huugua na kuzikana, halifai kitu.

Mahali penyewe panaitwa Kisumu Ndogo. Ni kimojawapo cha vijiji vinavyofanya Kibera, mtaa mkubwa wa vibanda katika jiji la Nairobi. Jirani zake ni Makina, Gatwekera, Lindi, Kianda, Laini Saba na vinginevyo. Jina lenyewe ni hadithi. Kisumu kubwa iko ukingoni mwa ziwa, mbali upande wa magharibi, na reli ilifika huko mwaka 1901. Reli iendayo huko hupita katikati ya Kibera, karibu na milango ya nyumba za watu. Watu waliotoka pande za ziwa na nchi za magharibi, wengi wao Wajaluo na Waluhya, walipofika Nairobi kutafuta kazi walikaa karibu karibu, wakapaita walipokaa kwa jina la walikotoka. Msiwacheke. Mtu aliye mbali na kwao hupunguza umbali kwa jina. Waingereza waliovuka bahari walifanya vivyo hivyo walipoipa baadhi ya miji ya Marekani majina ya miji waliyoiacha nyuma yao.

Lakini mahali hapo palikuwa na jina kabla ya jina. Wanubi walipaita Kibra, neno la lugha yao lenye maana ya pori au msitu. Hawa ni wajukuu wa askari waliotoka Sudani. Kapteni Lugard aliwachukua katika utumishi wa Waingereza mwaka 1891, wakapigana vita vya wakubwa wao Uganda na Kenya, na hatimaye katika jeshi la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikaa katika pori hilo lililokuwa nje ya mji, na mwaka 1918 eneo la ekari zaidi ya 4,000 likatangazwa kuwa la jeshi. Walijenga, wakalima, wakaswali, wakazaa. Waliendelea kusema Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu. Wakafuma makawa ya rangi za kufunikia chakula. Wakacheza ngoma zao harusini. Walakini hawakupewa hati. Kwa miaka mingi baada ya hapo walihesabiwa kama watu waliokaa kwa hisani, ambao wangeweza kuambiwa wakati wo wote waondoke. Kijana wa Kinubi alipofika umri wa miaka 18 na kutaka kitambulisho, alipelekwa mbele ya baraza la kumchunguza kama kweli ni Mkenya, jambo ambalo jirani yake wa kabila kubwa hakutakiwa kulifanya. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi walidhulumiwa; na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi ulioelekea upande huo huo kwa ajili ya jamii nzima. Mwezi wa Juni, 2017, walikabidhiwa hati ya ekari 288. Linganisha tarakimu mbili hizo, msomaji, kisha uniambie kama utamaduni ni jambo la ngoma na mavazi tu.

Basi yapo majina mawili juu ya udongo mmoja. Mmoja asema Kibra, na babu yake amezikwa hapo. Mwingine asema Kisumu Ndogo, na watoto wake wamezaliwa hapo. Wote wawili wasema kweli. Huko Kawangware, upande wa pili wa jiji, kisa ni kingine lakini swali ni lile lile. Kawangware ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu nje ya mipaka ya mji wakati wa ukoloni. Jiji lilikua likaifikia. Wenyeji wakajenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wengi wakatoka magharibi ya Kenya. Hapo mwenye nyumba na mpangaji hawakuzaliwa katika lugha moja, na kodi ya kila mwezi hulipwa juu ya mpaka wa kabila.

Sheria imesema nini? Wakati wa uhuru, mwaka 1963, Kenya ilikuwa na katiba ya majimbo, lakini mpango huo uliondolewa upesi, na mamlaka yote yakarudi katikati. Katiba ya mwaka 2010 iliyarudisha madaraka kwa wananchi kwa njia nyingine: nchi iligawanywa katika kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa mwezi wa Machi, 2013. Katiba hiyo yasema kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa. Yasema kuwa mojawapo ya shabaha za kugatua madaraka ni kukuza umoja kwa kuutambua utofauti wa watu, na kulinda haki za jamii ndogo na zilizoachwa nyuma. Makumbusho, maktaba, michezo, burudani na shughuli za utamaduni zimewekwa katika kazi za kaunti. Magofu na kumbukumbu za kale zenye maana kwa taifa zima zimebaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kwamba kazi zinapotolewa, angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti ile. Na sheria ya mwaka 2016 juu ya maarifa na sanaa za jadi yaitaka kila kaunti iwe na daftari la maarifa hayo, ili asije mtu wa mbali akaufanya wimbo au dawa ya wazee kuwa mali yake.

Maneno hayo ni mazuri. Walakini maneno ya sheria ni kama mbegu ghalani: ni chakula cha kesho, si cha leo. Kwa hiyo tuulize ni moyo gani utakaoyaotesha. Nimesikia maoni ya namna tatu.

Wa kwanza husema: "Serikali iache utamaduni. Kisumu Ndogo watu wahitaji maji, vyoo, taa na dawa. Mwenye njaa hali nyatiti." Maoni haya yana ukweli ndani yake, na mtu mwenye haya hawezi kuyapuuza. Serikali inayotumia fedha kwa sherehe za utamaduni huku mfereji wa maji machafu unapita mlangoni mwa mcheza ngoma inamdhihaki. Lakini yatazame tena. Je, ni kweli kwamba serikali yaweza kuuacha utamaduni? Haiwezi. Siku inapochagua jina la barabara, imechagua. Siku karani anapomjibu mwanamke mzee kwa lugha asiyoijua, amechagua. Uwanja unapogeuzwa kuwa maduka, imechaguliwa kwamba vijana wasiwe na pa kuchezea. Mwezi wa Julai, 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili barabara ipite. Aliyebomoa hakuwa na neno juu ya utamaduni, lakini jirani waliotawanyika siku ile walitawanyika na vikundi vyao, ibada zao na nyimbo zao. Kunyamaza kwa serikali si kutopendelea upande. Aghalabu kunyamaza ni kumpendelea aliyekwisha kupata. Wanubi hawakudhulumiwa kwa amri ya kuiua lugha yao. Walidhulumiwa kwa kutotajwa, hata katika hesabu za watu wakawekwa fungu la "wengineo".

Tena si kweli kwamba maskini hana haja na utamaduni mpaka ashibe. Utamaduni ndio benki ya asiye na benki. Mtu akifiwa Kisumu Ndogo, nani huchanga nauli ya kuusafirisha mwili mpaka kwao? Ni chama cha watu wa kwao. Nani hukaa matanga? Nani humlea mtoto wa mgonjwa? Mila za kusaidiana, kuzikana na kulipana fadhili ndizo zinazoushika mtaa ambao mkono wa serikali haujaufikia. Anayewaambia watu hao kwamba mila zao ni pambo hajui anachokisema. Maji na heshima havishindani; mwenye kuleta maji hana sababu ya kumvunjia heshima anayeyateka.

Wa pili husema: "Tofauti ndizo zinazotuua. Serikali itufanye kabila moja." Maoni haya yana uchungu ndani yake, na sisi twaujua. Baada ya uchaguzi wa Desemba, 2007, Kibera iliungua. Soko la Toi liliteketezwa, reli iling'olewa, na watu waliokopeshana chumvi wakahama nyumba usiku kwa sababu ya majina yao. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, 2008, baada ya roho nyingi kupotea katika nchi nzima. Mwezi wa Oktoba, 2017, moto ulionekana tena Kawangware. Aliyeyaona hayo akisema makabila yafutwe, mvumilieni.

Walakini tuulize, ni nyimbo zilizochoma soko? Ni nyatiti yenye nyuzi nane iliyomfukuza mtu nyumbani kwake? Hapana. Kisu kilichomchinja kuku wa mgeni chaweza kumjeruhi mtu, lakini kosa huwa la mkono. Waliochochea walitumia kabila kama ngazi ya kupandia madarakani, na ngazi ile ingalipatikana kwa kitu cho chote kingine: dini, mtaa, hata rangi ya shati. Kumfanya mtu aisahau lugha ya mama yake hakumfanyi ampende jirani. Jambo hili limejaribiwa. Katika shule za Wales, karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha mbao shingoni kama alama ya aibu. Na katika shule nyingi za Kenya, wakati wa ukoloni na hata baada yake, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivishwa kibao vile vile. Hawakupendana zaidi kwa ajili ya vibao. Walijifunza tu kupeleleza wenzao. Leo Wales ina serikali yake ya jimbo tangu mwaka 1999. Kiwelisi ni lugha rasmi huko, na serikali imejiwekea shabaha ya wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050. Kilichotupwa kwa kiboko chaokotwa kwa gharama kubwa.

Hapa kwetu tuna mfano ulio bora. Kiswahili kimetuunganisha bila ya kututaka tuchome nyumba zetu. Katika njia za Kisumu Ndogo, Mluhya huuliza bei kwa Mnubi kwa Kiswahili, kisha kila mmoja hurudi kuota ndoto kwa lugha yake. Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaiagiza dola ilinde na kukuza lugha nyingine za wananchi. Hakuna kinyume katika maagizo hayo mawili. Daraja haliwi daraja pasipo kingo mbili.

Wa tatu husema: "Basi kila jamii ipewe fungu lake." Ni neno la haki, lakini fungu kwa kipimo gani? Tukigawa kwa wingi wa watu, wengi watapata vyote na wachache watabaki na shukrani. Tukigawa kwa kutangulia kufika, Mnubi atamwambia Mjaluo, na Mmasai na Mkikuyu watamwambia Mnubi, na mabishano hayataisha mpaka tufike kwa swala na twiga. Tukigawa kwa kabila peke yake, tutamfundisha kila mtoto kuuliza kwanza "wewe ni wa wapi?" kabla ya kuuliza "una nini?" Na yuko mtoto ambaye fungu lake halitapatikana hata kidogo: yule aliyezaliwa Kisumu Ndogo na baba Mjaluo na mama Mkamba, asemaye Sheng na wenzake, asiyejua ziwa wala mlima. Je, yeye hana urithi? Anao. Urithi haupokewi tu, hutengenezwa pia. Michoro ya kuomba amani iliyoandikwa juu ya kuta za Kibera katika siku za moto haikutoka katika kijiji cho chote cha mababu. Ilitoka Kibera yenyewe.

Sasa nikueleze njia ninayoiona kuwa bora. Katika jamaa zetu, mtu akifa akaacha watoto wadogo, mali yao huwekwa mikononi mwa wasii. Wasii hutunza, huhesabu, huzuia wezi, huwalisha yatima kwa mali yao wenyewe, na siku wanapokua huwakabidhi. Ana madaraka makubwa, lakini si mrithi. Nadhani serikali ya kaunti, na serikali yo yote iliyo karibu na watu, ni wasii wa urithi wa watu wake. Tukiikubali fikira hii, mambo manne yafuata.

La kwanza, wasii huanza na mtoto asiyeweza kujisemea. Yatima mkubwa mwenye sauti atadai haki yake mwenyewe. Mdogo asipoangaliwa hulala na njaa. Ndiyo maana ni haki kwa kaunti kuzitazama kwanza jamii ndogo, si kwa sababu zina damu bora, bali kwa sababu ya unyonge wao. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi uliohitaji kuokolewa kwa haraka. Watoto wa watu hao wako Kawangware na Kibera. Ni nani atakayewafundisha, ikiwa mpigaji wa isukuti mjini hana hata chumba cha kuiweka ngoma yake?

La pili, wasii hulinda mali kwa ajili ya mrithi, halindi mali dhidi ya mrithi. Yatima hakuwekwa kwa ajili ya mali. Katiba imetoa haki ya utamaduni, ikaongeza kwamba mtu asilazimishwe na mwingine kutenda au kutendewa mila. Ukeketaji ulikatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kuitwa mila hakukuuokoa. Asemaye kwamba mila imwumizayo msichana ni lazima itunzwe kwa kuwa ni ya zamani, amemfanya msichana kuwa mali na mila kuwa mrithi. Kuheshimu jamii ni kuwaheshimu watu wake wote, pamoja na wale ambao hawakupewa nafasi ya kusema barazani.

La tatu, wasii hali mali ya yatima. Umeona mara nyingi wacheza ngoma waliosimamishwa juani tangu asubuhi ili mkubwa atakapofika apokewe kwa vifijo. Mkubwa hufika mchana, hupunga mkono, hupigwa picha. Na wachezaji hurudi kwao kwa miguu na chupa moja ya soda. Utamaduni uliotumiwa hivyo haukutunzwa, umeliwa. Kipimo cha kumtambua wasii mwema ni chepesi: baada ya sherehe, ni nani aliyebaki na kitu? Kama mpiga nyatiti alilipwa, kama mfumaji wa makawa alipata soko, kama bibi aliyesimulia ngano ameandikwa kwa jina lake, wasii ni mwema. Kama picha ya mkubwa peke yake ndiyo iliyobaki, basi jibu unalo.

La nne, wasii hufungua milango, haishi ndani ya nyumba. Haifai serikali kuwaambia Wajaluo namna ya kuimba wala Wanubi namna ya kuoa. Kazi yake ni kutengeneza mahali ambapo yaweza kufanyika: uwanja, ukumbi, maktaba, chumba cha kumbukumbu. Vitu hivyo vina sifa moja njema, kwamba havina kabila. Fungu alilopewa Mluhya ni la Mluhya, lakini uwanja akichezao Mluhya leo utachezwa na Mnubi kesho, na siku ya tatu watacheza pamoja. Tazama historia ya maktaba ya McMillan katikati ya Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Baadaye ikawa mali ya jiji na mlango ukawa wa wote, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Miaka ikapita, rangi ikabanduka, vitabu vikachakaa. Kisha shirika la Wakenya wenyewe liitwalo Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, likashirikiana na serikali ya kaunti kuyatengeneza majengo hayo na kutafuta vitabu vya Kiafrika vya kuweka pale palipojaa vitabu vya wakoloni. Nyumba ile ile iliyojengwa kumfungia mtu nje imekuwa nyumba ya kumkaribisha, nayo yasaidiwa na mikono miwili, wa serikali na wa wananchi. Mkono mmoja haulei mwana.

Najua utanijibu, kwa maana vijana ni wepesi wa kuona ufa. Utasema: "Wasii hulinda mali ya watoto, je, wananchi ni watoto?" Umesema vema, na mfano wo wote ukivutwa sana hukatika. Wananchi si watoto wa serikali. Wao ndio walioiweka. Lakini wako warithi ambao kweli bado ni watoto, na wako ambao hawajazaliwa, na hao hawapigi kura. Kwa ajili yao sisi sote, serikali na raia, tu mawasii. Ndiyo sababu raia hawezi kumwachia gavana kazi yote kisha akamlaumu. Sheria yaweza kuamuru maktaba ijengwe, haiwezi kumsomea mtu kitabu. Yaweza kuamuru daftari liwekwe, haiwezi kumfanya mjukuu aketi miguuni pa bibi yake na kumsikiliza.

Yako machache yaliyo katika uwezo wako ungali mwanafunzi. Waulize wazee wa kwenu majina ya mambo ambayo wewe wayajua kwa Kiingereza tu, na uyaandike kabla hawajaondoka. Tamasha la muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927 na ambalo shule nyingi hushiriki kila mwaka, ni nafasi ya kujifunza wimbo usio wa kwenu na kuuimba vizuri mpaka mwenyewe aone fahari. Ukimwendea jirani Mluhya, mwamkie "mulembe," neno lenye maana ya amani, ukimwendea Mjaluo, mwambie "amosi." Neno moja la lugha ya mwenzako, likisemwa kwa heshima, humwambia kwamba umemwona. Na siku utakapopata kalamu ya madaraka, ikiwa ni karani wa wadi, mwalimu, mwakilishi katika bunge la kaunti au gavana, kumbuka kwamba mtu aliye mbele ya meza yako hakuja na shida yake tu, amekuja na watu wake wote nyuma yake, walio hai na waliokufa.

Nani basi mwenye Kibera? Anayepaita Kibra ana haki ya kuulizwa na kujibiwa, na ahadi ya babu yake ilikuwa deni. Anayepaita Kisumu Ndogo ana haki ya kutoitwa mgeni mahali alipozikia kitovu cha mwanawe. Serikali haina ruhusa ya kufuta jina la mmoja ili kumfurahisha mwingine, wala ya kujiandikia jina lake juu ya yote mawili. Ina kazi ngumu na ya heshima kuliko hizo: kuyatunza majina yote mawili, na deni lililo nyuma ya kila moja, mpaka wale watakaozaliwa waweze kuyatamka yote bila ya hofu. Serikali itakayofanya hivyo haitasahauliwa. Ile itakayoshindwa itakuwa kama wasii aliyetumia mali ya yatima: yatima hukua, na siku ya kukua kwao ndiyo siku ya hesabu.